Homa ya mtoto na mbuzi aliyetupa mimba

Mtoto ana homa siku ya tano. Umempeleka zahanati, kipimo cha haraka cha malaria kimeonyesha hana, lakini umepewa dawa ya malaria hivyo hivyo, "kwa tahadhari". Homa ikashuka, ikarudi. Umekwenda tena, safari hii umeambiwa ni taifodi. Wiki ya tatu mtoto analalamika magoti na mgongo, na usiku shuka linalowa jasho. Hakuna aliyekuuliza kama nyumbani mna mifugo. Nawe hukuona sababu ya kusema kwamba mwezi uliopita mbuzi wawili walitupa mimba, kwa kuwa hayo ni mambo ya ofisa mifugo, si ya daktari.

Huo ni mfano tu, lakini wazazi wengi wanaofuga watajiona humo. Wiki hii nataka tulizungumzie swali hilo ambalo halikuulizwa, pamoja na kipimo ambacho pengine kingefanyika kwa mbuzi kabla mtoto hajaanza kuumwa.

Tuanze na Moshi. Kati ya mwaka 2007 na 2008, watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870, watoto na watu wazima, waliolazwa na homa katika hospitali mbili za mji huo. Asilimia 60.7 walikuwa wameandikiwa kuwa wana malaria. Damu zao zilipopimwa kwa makini, malaria ndiyo iliyokuwa chanzo cha homa kwa wagonjwa 14 tu, sawa na asilimia 1.6. Na miongoni mwa waliopimwa magonjwa ya bakteria yanayotoka kwa wanyama, zaidi kidogo ya robo walikutwa nayo: homa ya mgunda, homa ya Q, homa zinazoenezwa na kupe, na brusela, ule ugonjwa ambao wafugaji huuita wa kutupa mimba.

Moshi si Kigoma wala Geita. Huko malaria ni nyingi zaidi, na tangu wakati huo vipimo vya haraka vimeenea hadi zahanati za vijijini. Kwa hiyo usiyachukue matokeo haya kama ruhusa ya kudharau malaria. Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Swali langu ni lile linalofuata kipimo kikisema hana. Mara nyingi hapo ndipo kubahatisha kunapoanza.

Ugumu wa brusela ni kwamba haina sura yake yenyewe. Homa inapanda na kushuka, viungo vinauma, hamu ya kula inapotea, mgonjwa anachoka bila sababu. Mjamzito anaweza kupoteza mimba. Tiba ipo, lakini ni dawa zaidi ya moja kwa pamoja kwa wiki sita au zaidi, na za mtoto mdogo huchaguliwa tofauti na za mtu mzima. Vidonge vya siku tano vya kununua duka la dawa vinaweza kuituliza homa kwa muda, kisha ikarudi.

Hata kumpima binadamu kuna mitego yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kuwa kipimo cha haraka cha brusela kilichokuwa kikitumika katika vituo vya afya nchini Kenya kilikuwa na kasoro kubwa: watu wengi waliambiwa wana ugonjwa ambao hawakuwa nao, wakabeba gharama na dawa za wiki nyingi bure. Ndiyo maana habari za zizini zina thamani kwa daktari. Jibu la "ana brusela" lina uzito mmoja kwa mtoto wa ghorofani anayekunywa maziwa ya pakiti, na uzito mwingine kabisa kwa mtoto anayelala jirani na banda ambalo mbuzi wametupa mimba na damu zao zimepimwa zikakutwa na ugonjwa.

Na kumpima mnyama si jambo la miujiza. Kwa ng'ombe wa maziwa, maabara huchukua maziwa kidogo na kuyachanganya na tone la kimiminika chenye bakteria waliouawa na kutiwa rangi. Kama maziwa yana kingamwili za brusela, krimu hupanda juu na pete ya bluu. Maziwa yaliyochanganywa kutoka ng'ombe kadhaa yanaweza kukuonyesha kama kundi zima linahitaji kuchunguzwa zaidi. Kwa mbuzi na kondoo kipimo hicho cha maziwa hakitegemeki, hivyo hutolewa damu. Tone la majimaji ya damu huchanganywa na tone la dawa ya rangi ya waridi kwenye kibao, na baada ya dakika nne mtaalamu anatazama kama kumetokea chembe zilizoganda. Kinachokutwa hapo huthibitishwa kwa kipimo kingine. Hakuna mashine ya mamilioni katika hatua hii ya kwanza. Kazi ngumu ni kuifikisha sampuli maabara ikiwa kwenye baridi na ikiwa na maelezo sahihi.

Tanzania tuna Wakala wa Maabara ya Veterinari, makao yake Temeke, Dar es Salaam, na vituo katika kanda, vikiwemo Arusha, Mwanza, Tabora, Iringa na Mtwara. Wafugaji wengi huwafahamu kwa ndigana na chanjo za mifugo. Wazazi wachache sana wangeihesabu maabara hiyo kuwa sehemu ya huduma za afya za watoto wao.

Gharama ya kuchelewa tuliiona kwenye Homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha, Kenya. Huja baada ya mvua kubwa, pale mbu wanapofurika. Kondoo wenye mimba hutupa karibu wote, na wana-kondoo wengi hufa. Binadamu huupata kwa kushika damu na mimba zilizotupwa, kwa kuchinja, na kwa mbu. Wengi hupata homa ya kawaida, lakini wachache hutokwa damu, hupofuka au hufa. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua watu zaidi ya 150 nchini Kenya na zaidi ya 100 hapa Tanzania, Dodoma ukiwa mkoa ulioumia zaidi.

Baadaye watafiti walirudi kwa wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya na kuwauliza walichokiona na lini walikiona. Kutoka mnyama wa kwanza kuonekana mgonjwa hadi binadamu wa kwanza, zilipita wastani wa siku 17 hivi. Huduma za afya ya binadamu ziliingia kazini karibu siku 30 baada ya mnyama huyo wa kwanza. Huduma za mifugo zilichukua takriban siku 60.

Zisome namba hizo polepole. Kulikuwa na zaidi ya wiki mbili ambapo ugonjwa ulikuwa kwa mifugo tu, na wafugaji walikuwa wanauona. Wataalamu wa mifugo wakafika wa mwisho. Na kuchelewa huko hakufidiwi kwa kukimbilia chanjo. Kuchanja kundi ambalo tayari lina virusi ni hatari, kwa kuwa sindano inayopita kutoka mnyama hadi mnyama inaweza kuusambaza ugonjwa wenyewe. Chanjo ya mifugo ina manufaa kabla mlipuko haujaanza, na kwa binadamu hakuna chanjo iliyoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida.

Kwa nini basi mfugaji hasemi mapema? Si ujinga. Anajua kinachofuata akisema: karantini, mnada kufungwa, mifugo kukosa mnunuzi wakati ada ya shule inadaiwa. Wakati wa mlipuko ule walaji waliikimbia nyama, na hasara ikawafikia hata waliokuwa mbali na ugonjwa. Jibu la maabara kwake linaweza kuwa hasara bila fidia. Tukitaka apeleke sampuli, lazima tuzungumze pia nani anaibeba hasara hiyo. Kwa maoni yangu, serikali kumlipia mfugaji kipimo cha mbuzi anayetupa mimba ni nafuu kuliko wodi ya kuwatenga wagonjwa.

Wala tusidhani nchi tajiri zimelimaliza tatizo hili. Mwaka 1999 mjini New York, wazee walianza kulazwa wakiwa na uvimbe wa ubongo, na madaktari wakautaja ugonjwa ambao haukuwa wenyewe. Wakati huo huo kunguru walikuwa wanaanguka na kufa, na ndege wa bustani ya wanyama ya Bronx nao pia. Daktari wa wanyama wa bustani hiyo aliona picha hailingani na ugonjwa uliotajwa, akasisitiza sampuli za ndege zipimwe. Zilipofanyiwa kazi katika maabara ya taifa ya mifugo iliyoko Ames, Iowa, na maabara nyingine, ikabainika kuwa ni virusi vya West Nile, vilivyopewa jina la eneo la Uganda vilikogunduliwa mwaka 1937. Farasi wa Long Island nao waliugua mwaka huo.

Tanzania sasa tuna dawati la Afya Moja, lenye kazi ya kuziunganisha sekta za binadamu, mifugo na wanyamapori. Mwaka 2022, wagonjwa wa Ruangwa, Lindi, waliokuwa wakitokwa damu puani walipopimwa, Ebola na Marburg hazikuonekana, na ikathibitishwa kuwa ni homa ya mgunda, ambayo huenezwa kwa mkojo wa wanyama. Watu 3 walikuwa wameshafariki. Mlipuko wenye vifo huzikutanisha wizara haraka. Homa ya mtoto mmoja isiyoisha haiwakutanishi mganga wa zahanati na ofisa mifugo wa kata, hata kama ofisi zao zinatazamana.

Kwa hiyo, mzazi, kiungo hicho kwa sasa ni wewe. Ukifika kwa daktari, sema bila kuulizwa: tunafuga hiki, tunakunywa maziwa mabichi au mtindi wake, mifugo ilitupa mimba tarehe fulani, mtoto alikuwepo wakati wa kuzalisha au kuchinja. Mwambie na ofisa mifugo kwamba ndani kuna mtu ana homa. Chemsha maziwa hadi yatokote kabla ya kuyagandisha; mtindi wa maziwa mabichi hauui brusela.

Na mbuzi akitupa mimba leo, watoto na wajawazito wakae mbali. Mtu mzima mmoja avae glavu, akikosa avae mifuko ya nailoni mikono yote miwili, afunike pua na mdomo, na asiwape mbwa kitoto wala kondo la nyuma. Ampigie ofisa mifugo kwanza, kabla ya kuzika au kuchoma. Sampuli inayohitajika imo humo, na kwenye jua la mchana huharibika haraka.