Nani Aliyeleta Malaria Milimani?



Homa inapozuka huku Kisii na Nyamira, maneno huwa yale yale: "Wafanya kazi wameileta kutoka likizo." Hatuyakatai kabisa. Mtu arudiye kutoka Ziwani huweza kuwa na malaria katika damu yake. Lakini twauliza, neno hilo limethibitishwa namna gani?

Tazameni jirani zetu wa Kericho, ambako watu wengi wa kwetu wamechuma chai. Vitabu vya hospitali ya mashamba yale vilionyesha malaria ikizidi katika miaka ya 1980 na 1990. Mwaka 2002, katika jarida la Nature, wataalamu walisema hali ya hewa ya pale haikubadilika. Wenzao wakaitaja klorokwini, dawa iliyokwisha nguvu, ambayo Kenya iliiacha mwaka 1998. Mwaka 2006 wengine wakapima upya hesabu za joto la pale pale, wakaona limepanda. Si jambo dogo, maana kijidudu cha malaria hakikomai ndani ya mbu baridi ikipita chini ya digrii 16 hivi.

Sasa angalieni. Sababu ikiwa ni joto, hakuna anayeitwa kujibu. Ikiwa ni dawa, yapasa Serikali ijibu. Ikiwa ni likizo, alaumiwa mchuma chai. Ndiyo maana njia ya kutafuta sababu yatuhusu sisi, si madaktari peke yao.

Kitabu cha hospitali humwandika aliyefika hospitali tu. Kibarua anayeogopa kukatwa siku yake humeza vidonge vya dukani na kuendelea kuchuma, huyo hahesabiwi. Tena ukiwauliza wagonjwa peke yao kama walisafiri, wengi watasema ndiyo. (Nani hasafiri Desemba?) Lazima waulizwe na wazima wa kambi ile ile. Wapimwe pia watoto wadogo wasiotoka nyumbani: wakionekana na vijidudu, basi mbu wa hapa hapa wamo kazini. Na nyumba za bondeni, karibu na mashimo ya matofali ambamo maji hutuama, zihesabiwe mbali na zile za juu mlimani.

Twataka idara za afya za kaunti zote mbili zihesabu hivyo kabla ya masika, na wajumbe wetu wawepo karatasi zikijazwa. Mpaka hapo, mwanachama yeyote asikubali kuandikwa kwamba yeye ndiye aliyeleta ugonjwa.