Si tasa, na vigawo sina

Kuna wenzangu wa kuandika programu ambao kila nikisema nambari fulani si tasa hunijibu: "Basi tuonyeshe vigawo vyake." Jamani, tuache hizo!

Chukueni nambari ya Fermat F24: 2 kwa kipeo cha 16,777,216, jumlisha 1. Ina tarakimu 5,050,446. Mwaka 1999 Crandall, Mayer na Papadopoulos walithibitisha kwamba si tasa, bila kupata kigawo hata kimoja. Walitumia jaribio la Pépin: anza na 3, zidisha kwa yenyewe, gawanya kwa F24, shika baki, rudia mara 16,777,215. Ingekuwa tasa, baki la mwisho lingepungua F24 kwa 1 tu. Halikuwa hivyo. Kesi imekwisha.

Tena huu si ubishi wa vitabuni. Programu inayotengeneza ufunguo wa RSA hutupa nambari kibao zisizo tasa bila kuzipasua. Ingengoja vigawo vya kila moja, ufunguo usingepatikana. Kujua ni rahisi, kupasua ni kazi: usalama wote umelala katika pengo hilo. Asiyelielewa asiguse mfumo wenye pesa za watu.