Joto la Oili Katika Mteremko wa Uluguru

Katika nchi kadhaa za Ulaya vipo viwanja vya mbio ambavyo, kwa siku maalumu, hufunguliwa kwa mtu yeyote mwenye gari la kawaida, akalipa ada na kuliendesha kwa kadiri ya uwezo wake wote. Gari lililokwenda kazini miaka 10 bila lalamiko huweza kuiua injini yake huko katika muda wa dakika 20. Sababu yake aghalabu ni oili iliyopata joto kupita kiasi, kwani gari hilo halikupata kamwe kutumia nguvu zake zote mfululizo.

Mkazi wa Morogoro aweza kudhani kwamba habari hizo ni za matajiri wenye kuchezea mitambo. Hata atakayekumbuka jinsi Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alivyoshinda mashindano ya Safari mwaka 1966 na tena 1967 kwa gari la Peugeot 404, atayahesabu kuwa mambo ya mashujaa. Hata hivyo, jaribio la namna hiyo hiyo hufanyika kila siku, bila watazamaji, katika barabara itokayo Mzumbe ikapita Mlali na kupanda hadi Mgeta. Humo magari hupanda yakiwa na abiria, mbolea, saruji na mabati, kwa gia ya kwanza na ya pili, kwa mwendo mdogo usioleta upepo wa kutosha kwenye rejeta.

Ukubwa wa joto hilo waweza kukadiriwa. Gari la tani 5 likipandishwa kimo cha mita 1,000, kazi ya kuliinua peke yake ni megajuli 49. Injini hugeuza takriban theluthi moja tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo. Kwa hiyo megajuli zipatazo 100 hubaki kuwa joto. Sehemu yake hutoka na moshi. Iliyobaki haina njia ila maji na oili.

Hapa ndipo kosa la wengi lilipo. Dereva hutazama kipimo cha maji, na kikiwa mahali pake huridhika. Lakini maji huzunguka kandokando ya silinda na katika kichwa cha injini tu. Hayafiki chini ya pistoni wala kwenye beringi za krenki. Huko oili ndiyo hulainisha, na ndiyo hupoza. Katika mlima mrefu maji huweza kubaki penye nyuzi 90 za Sentigredi huku oili ikipita 130. Kwa kawaida hupendeza ikae kati ya nyuzi 100 na 120. Zaidi ya hapo huwa nyepesi mno kuutenga mhimili na beringi yake, na kuharibika kwake huenda mbio: kwa kanuni ya wanakemia, kila nyuzi 10 zinazoongezeka huzidisha mwendo wa kuoza kwa oili takriban mara mbili.

Dawa zinazotumiwa na baadhi ya mafundi huzidisha ugonjwa. Iliyoenea kupita zote ni kuondoa thamostati, kwa hoja kwamba nchi hii ni ya joto na kifaa hicho kiliwekwa kwa ajili ya baridi ya Wazungu. Hoja hiyo yavutia, lakini haina msingi. Thamostati ikiondolewa, injini hukaa baridi katika safari fupi za mjini. Oili isiyofika nyuzi 100 haitoi mvuke wa maji wala mabaki ya mafuta yaliyoingia ndani yake, nayo hugeuka tope jeusi linaloziba wavu wa pampu. Injini ya namna hiyo haionyeshi dalili yoyote siku za kawaida. Siku ya kupanda Mgeta, pampu hukosa oili pale inapohitajiwa zaidi. Isitoshe, katika injini nyingi thamostati ikifunguka ndiyo hufunga pia njia ya pembeni ya maji. Isipokuwapo, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari huchemka upesi zaidi.

Ya pili ni kujaza oili kupita alama ya juu, ati iwe akiba. Krenki huipiga oili hiyo ikawa povu, na povu halibebi uzito. Ya tatu ni kununua oili nzito kuliko ile iliyotajwa katika kitabu cha gari. Wenye magari ya mbio wakati mwingine hufanya hivyo kwa hesabu, wakiwa na kipimo cha joto mbele yao. Lakini asubuhi ya baridi huko milimani, oili nzito huchelewa kufika juu ya injini, na msuguano wake wenyewe huongeza joto.

Mfuniko wa rejeta nao usidharauliwe. Penye kimo cha mita 1,500 maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Mfuniko mzima hushikilia mgandamizo na kukiinua kiwango hicho kupita 110; uliochakaa, au kipande cha kitambaa, hauwezi.

Kutoka kwa wenye viwanja vya mbio lipo jambo moja la kuiga lisilogharimu chochote. Kabla ya kusimama, wao huzunguka mara moja polepole ili kupooza injini. Dereva wa Mgeta, kinyume chake, hufika sokoni na kuzima papo hapo. Injini ikiwa na tabo, yaani chombo kinachosukuma hewa kwa nguvu ya moshi, oili iliyosimama ndani yake huungua ikawa masizi. Dakika mbili au tatu za kuiacha ikiunguruma taratibu zingetosha.

Kipimo cha joto la oili ni kifaa kidogo, na bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na krenki mpya. Yafaa wenye magari ya mizigo ya milimani wakifunge, na vyuo vya ufundi, kikiwamo kile cha walimu wa ufundi stadi kilichopo Morogoro penyewe, vifundishe kukisoma kama vinavyofundisha kukaza nati. Kabichi na viazi vya Mgeta haviwezi kungoja kando ya barabara mpaka beringi ziletwe kutoka mjini, na mkulima aliyekwisha kuvivuna hana mahali pengine pa kuviuza siku hiyo.