Ujumbe umefika, lakini umemfikia nani?

Majuma machache yaliyopita nilikuwa nikisikiliza mjadala wa asubuhi katika kituo kimoja cha redio ya umma ambacho sitakitaja. Nilikuwa nikiurekodi kwa simu, kama nifanyavyo mara kwa mara kwa ajili ya darasa langu. Mada ilikuwa disko matanga. Kwa manufaa ya msomaji asiyeifahamu Kilifi, hizo ni ngoma za usiku kucha zipigwazo kwa vyombo vya kukodi nyumbani kwa wafiwa. Vijana hukusanyika, hucheza na kutoa pesa, na pesa hizo huwafaa wafiwa katika gharama za mazishi. Kwa muda mrefu walimu, wahubiri na maofisa wa utawala wamezilaumu ngoma hizi kwa mimba za wasichana wa shule, na si mara moja zimepigwa marufuku.

Studioni walikuwamo wageni watatu: ofisa wa serikali, mhubiri na mzee wa kijiji. Kwa takriban dakika arobaini walikubaliana kwa kila neno. Vijana wameasi, wazazi wamelala, utamaduni umeharibika. Kisha akapiga simu mama mmoja. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesubiri laini kwa muda mrefu. Alisema kwamba mwaka jana alifiwa na mumewe, akadaiwa ada ya chumba cha maiti, akahitaji jeneza, akawa na waombolezaji wa kulishwa kwa siku kadhaa, na hakuwa na hata kuku wa kuuza. Disko ndiyo iliyomzikia mumewe. Akauliza: "Mkiifunga, mtatupa nini mahali pake?"

Mtangazaji akajibu kwa heshima kubwa: "Ahsante sana mama, ujumbe umefika." Ukapigwa wimbo. Wimbo ulipokwisha, mhubiri aliendelea pale alipokuwa ameachia.

Sikusudii kutetea disko matanga. Nimewaona wasichana waliotoka darasani wasirudi tena, na hakuna mwalimu wa eneo hili asiyekuwa na orodha yake moyoni. Ninachokilalamikia ni kwamba mama yule alikuwa ameugusa mzizi wa jambo lenyewe, na redio ya umma, inayogharimiwa na kodi yake na yangu, ikampa shukrani badala ya jibu.

Tabia hii ina historia. Utangazaji wa redio ulianza nchini mwaka 1928, na waliotangaziwa walikuwa walowezi wa Kizungu waliotaka kupata habari za kwao. Vita Vikuu vya Pili vilipozuka ndipo Waafrika nao walipoanza kutangaziwa, maana serikali ilikuwa na haja ya kuwapasha jamaa za askari habari ilizotaka wazipate. Mwaka 1964 serikali huru ilichukua shirika la utangazaji na kuliita Sauti ya Kenya. Jina la KBC likarejeshwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1989. Majina yalibadilika, lakini mkondo wa maneno ulibaki ule ule, kutoka juu kwenda chini. Hata jina Sauti ya Kenya lilisema mengi: sauti ilikuwa moja, masikio yalikuwa mengi. Ndiyo maana alfajiri ya Agosti 1, 1982 wanajeshi wa wanahewa waliojaribu kuipindua serikali walimwendea mtangazaji Leonard Mambo Mbotela na kumlazimisha atangaze kwamba serikali imepinduliwa. Walijua kwamba aliyeishika redio ameishika nchi.

Mwaka huo huo wa 1982, miezi michache kabla ya jaribio hilo la mapinduzi, kulikuwa kumeanzishwa jambo jingine ambalo vitabu vyetu vya shule havilitaji. Kwa msaada wa UNESCO, redio ndogo ya wenyeji ilifunguliwa Homa Bay ili watu wa huko wazungumze kwa Kidholuo kuhusu kilimo, afya na maisha yao. Wachunguzi wa mambo ya utangazaji huihesabu miongoni mwa redio za kwanza za jamii katika Afrika. Ilifungwa kabla ya muongo ule kufikia nusu. Wenye mamlaka hawakuona raha mkulima alipokishika kipaza sauti.

Sasa nirudi kwa Mbotela, kwa sababu jina lake linahusika na hoja yangu kwa njia nyingine pia. Kipindi chake cha "Je, Huu ni Ungwana?" kilianza mwaka 1966 na kikaendelea kwa zaidi ya nusu karne, yeye mwenyewe alifariki Februari 2025. Wengi wetu tulikua nacho. Nikiwa mtoto niliamini kwamba swali lile lilikuwa likiulizwa mimi binafsi, hasa nilipokuwa nimekunywa maziwa ya mdogo wangu. Kipindi kile kilitufunza jambo la thamani: kwamba mambo madogo ya kila siku, kama mgeni asiyeaga, jirani anayepiga muziki usiku wa manane, au utingo anayemsukuma kikongwe, yanastahili kujadiliwa na taifa zima, tena kwa Kiswahili kinachopendeza. Wasikilizaji waliandika barua, na barua zao zikasomwa. Kwa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo.

Lakini hebu tutazame ni nani aliyekuwa akiulizwa swali hilo. Kwa kadiri ninavyokumbuka, ungwana uliopimwa ulikuwa wa raia kwa raia mwenzake. Chifu aliyedai kuku ndipo atie sahihi karatasi ya mtu hakuulizwa. Simlaumu Mbotela hata kidogo. Katika miaka ile kuuliza hivyo kungemfikisha asikotaka kwenda, na pengine kipindi kisingalidumu hata mwaka. Ninachosema ni kwamba redio ya umma ilitulea katika desturi ya kulaumiana sisi kwa sisi, na desturi hiyo haikwisha mlango ulipofunguliwa.

Mlango ulifunguliwa kweli. Katikati ya miaka ya tisini vituo vya binafsi vya FM vilianza kusikika Nairobi, na mwaka 2000 kikaja Kameme FM kwa lugha ya Kikuyu. KBC nalo likafungua vituo vyake vya FM kwa lugha za maeneo mbalimbali. Simu ya mkononi ikaenea, na aliyekuwa akiandika barua na kusubiri miezi miwili sasa akasikika papo hapo akiwa shambani. Kisha yakatufika ya mwaka 2007 na 2008. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilisikia ushahidi kwamba baadhi ya vipindi vya kupiga simu katika redio za lugha za mama vilichochea chuki. Mtangazaji Joshua arap Sang wa Kass FM alifikishwa hadi The Hague. Kesi dhidi yake ilianza kusikizwa Septemba 2013 na ikakomeshwa Aprili 2016 kwa kukosekana ushahidi wa kutosha.

Hofu iliyotokana na mambo hayo ilikuwa ya haki. Hata hivyo, vituo vingi viliuchukua mkasa ule kuwa funzo lisilo sahihi. Badala ya kuwafundisha watangazaji jinsi ya kuongoza ubishi, viliwafundisha kuukwepa. Mpigaji simu akianza kutaja jina la ofisi, laini hukatika. Akilalamikia vijana, huachwa aseme hadi salio limwishie. Matokeo ni mijadala isiyoudhi mtu mwenye cheo na isiyomsaidia asiyekuwa nacho.

Ubaya wa mtindo huu huonekana zaidi pale mada inapopewa jina la utamaduni. Neno hilo limekuwa pazia. Chukua mauaji ya wazee wanaoshukiwa kuwa wachawi huko Kilifi, balaa lililowafanya baadhi yao kukimbilia hifadhi ya Kaya Godoma kule Ganze. Kila mara jambo hili linapojadiliwa hewani huitwa suala la mila na imani potovu. Basi huitwa mzee wa kaya aeleze mila, na mhubiri aikemee imani. Kumbe wazee wenyewe, watetezi wa haki na hata maofisa wa utawala wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma za uchawi mna shamba. Mzee ana ekari kadhaa, wanawe au wapwa wanataka kuziuza, naye hataki. Mvi zake zinageuzwa kuwa ushahidi.

Na ukilifuata suala la shamba utafika mbali. Utafika kwenye sheria ya hatimiliki ya mwaka 1908, ambayo iliwataka watu wa ukanda wa mwambao kusajili madai yao ya ardhi, na ambayo iliwaacha Wamijikenda wengi wakiwa maskwota katika ardhi ya mababu zao. Utafika kwenye familia zinazong'ang'ania vipande vidogo kwa sababu vipande vikubwa vina wenyewe wasioishi huko. Hapo mzee wa kaya na mhubiri hawatoshi studioni. Anahitajika ofisa wa ardhi. Anahitajika mkuu wa upelelezi aeleze ni kesi ngapi zimefika mahakamani. Kuwaita hao ni kazi, na kuwauliza swali la pili baada ya jibu lao la kwanza ni kazi kubwa zaidi.

Swali la pili ndilo ninalolidai. La kwanza hata mtoto aweza kuliuliza. Ofisa akisema, "Serikali inalishughulikia jambo hilo," mtangazaji amuulize: tangu lini, kwa fedha ipi, na ni nani tutakayemwita hapa baada ya miezi mitatu kutueleza lilipofikia? Na mpigaji simu asikatwe mara tu anapomaliza kusema; aachwe asikie jibu, aulizwe kama limemtosha. Dakika moja ya nyongeza haitalifilisi shirika lolote.

Wapo watakaosema kwamba redio ya serikali haiwezi kuihoji serikali. Katiba ya mwaka 2010 haikubaliani nao. Kifungu cha 34 kinataka vyombo vya habari vya dola viwe huru kuamua maudhui yake, visipendelee upande wowote, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana. Kinazungumza juu ya vyombo vya dola waziwazi, wala si vya binafsi. Kwa hiyo mtangazaji anayemuuliza kamishna swali la pili anatimiza sheria, na mhariri anayemzuia ndiye anayepaswa kujieleza.

Nimalizie na darasa langu. Mwaka 2020 shule zilipofungwa kwa sababu ya korona, masomo yalipeperushwa katika redio za KBC, nasi walimu tukakumbuka kwamba chombo kile kinaweza kufundisha. Nadhani kinafundisha hata pale kinapokosea. Niliwachezea wanafunzi wangu wa kidato cha tatu mjadala ule wa disko matanga na kuwapa kazi ndogo: waandike kila swali lililoulizwa na wapigaji simu, na mbele yake waandike jibu lililotolewa. Walikuwa wapigaji simu saba. Wawili walituma salamu tu, mmoja alisifu kipindi, wanne waliuliza maswali. Safu ya majibu ilibaki tupu kuanzia juu hadi chini. Msichana mmoja aliinua mkono akauliza iwapo alikuwa amekosea kazi.

Nilimwambia hakukosea. Tulinakili maswali yale manne kwa mwandiko safi, la yule mama likiwa la kwanza, tukayatia katika bahasha na kuyapeleka kituoni tukiomba wageni wale watatu waitwe tena. Mlinzi langoni aliipokea na kutuambia kwamba ujumbe umefika. Ni wiki ya tano sasa, na kila asubuhi kabla ya kengele wanafunzi huniuliza kama wameitwa.