Mtunza stoo hapimwi kwa herufi nne

Kuna tangazo la kazi linazunguka WhatsApp wiki hizi, na limenikera. Kampuni moja ya hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja, inatafuta mtunza stoo. Mwombaji aambatanishe nakala ya cheti cha kidato cha nne, barua ya serikali ya mtaa, na matokeo ya dodoso la haiba linalojazwa mtandaoni, yaani zile herufi nne za Myers-Briggs. Hilo la mwisho ni upuuzi, tena upuuzi unaojiita sayansi.

Watetezi wana hoja zao. Nafasi moja huvuta mamia ya maombi, kwa hiyo lazima pawe na mchujo. Na dodoso, wanasema, halina mjomba wala shangazi. Sawa. Hata bahati nasibu haina shangazi.

Waliolitunga, Katharine Briggs na bintiye Isabel Briggs Myers wa Marekani, hawakusomea saikolojia. Walianzia kwenye nadharia aliyoichapisha Carl Jung mwaka 1921. Linagawa watu wote katika mafungu 16. Kampuni inayoliuza yenyewe inasema wazi kwamba lisitumike kuajiri. Muuzaji anakataza, mnunuzi anang'ang'ania!

Lakini tuseme mmepata dodoso bora kuliko hilo, maana yapo. Bado mwombaji anaulizwa habari za nafsi yake na mtu aliyeshika mshahara mkononi. Kijana aliyezunguka mjini miaka na bahasha ya vyeti, akikutana na swali "Je, hupenda kupanga mambo yako mapema?", mnatarajia ajibu nini? Kwamba hulala mpaka saa nne? Atajibu anachodhani bosi anataka kusikia. Asiyejua atamuuliza aliyeajiriwa kabla yake, na herufi "sahihi" zitasambaa kwenye kundi lilelile lililoleta tangazo. Atakayekatwa ni aliyesema kweli. Kwa kazi ya kushika funguo za stoo, huo ndio mchujo mnaoutaka?

Wanasaikolojia wa kazi, ambao fani yao ndiyo inayosingiziwa hapa, walishalipima jambo hili. Mwaka 2022 Paul Sackett na wenzake walikokotoa upya matokeo ya tafiti nyingi za uteuzi wa wafanyakazi. Mahojiano yaliyopangwa, kila mwombaji maswali yaleyale na alama kwa vigezo vilevile, yaliongoza. Majaribio ya ujuzi wa kazi yalifuata kwa karibu, na ya vitendo hayakuwa mbali. Vipimo vya kawaida vya haiba viliachwa nyuma.

Wala hili si geni kwetu. Sekretarieti ya Ajira huita waombaji kwenye usaili wa mchujo, na kwa baadhi ya kada usaili wa vitendo, kabla ya mahojiano. Basi mpeni mwombaji leja, hati ya mzigo inayosema katoni 120, na rundo lenye katoni 117. Mwacheni nusu saa. Mmoja atasaini bila kuhesabu. Mwingine atahesabu, atarudia, kisha atamwita dereva kabla lori halijatoka getini. Huyo wa pili mwajirini, hata kama herufi zake hazimpendezi meneja wenu wa rasilimali watu.