Uanachama wa Mwalimu Asiye na Mshahara

Mwalimu wa serikali katika kata ya Kiriba, mkoani Mara, akiwa mwanachama wa Chama cha Walimu Tanzania, hukatwa asilimia 2 ya mshahara wake kila mwezi kabla fedha hazijamfikia mkononi. Na mwenziwe wa darasa la jirani, ambaye hakupata kujaza fomu ya kujiunga, aghalabu naye hukatwa, kwa kuwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imekiruhusu chama chenye wafanyakazi walio wengi kuafikiana na mwajiri kutoza ada ya uwakala kwa wasio wanachama. Hoja ya sheria hiyo si dhaifu, maana si insafu mtu afaidi nyongeza iliyopiganiwa na wengine ilhali yeye hakutoa hata senti.

Lakini sheria hiyohiyo inasema ada ya uwakala iwe sawa na ya mwanachama au pungufu, na hapo kwenye neno pungufu ndipo ningependa viongozi wakae watafakari. Ada mbili zikilingana, hiari ya kujiunga huwa ya jina tu, kwani anayekataa hulipa vilevile, ila hana kura wala hawezi kugombea uongozi wa tawi. Asiyepiga kura na alipe nusu. Na kwa kuwa fedha yake, kwa amri ya sheria, huwekwa katika akaunti ya peke yake na kutumika kwa maslahi ya wafanyakazi wa mahali pale tu, hesabu yake ibandikwe shuleni, aisome.

Yupo na wa tatu, ambaye sheria haikumtaja: kijana aliyehitimu ualimu Bunda au Tarime, anayefundisha kwa kujitolea akingojea ajira, akipewa posho ndogo na wazazi. Hana mshahara wa kukatwa, na kwa sababu hiyo tu hana chama, ingawa yeye ndiye mhitaji zaidi wa mtu wa kumtetea. Huyu, pamoja na wanachuo, apewe uanachama wa bure: ahudhurie mikutano ya tawi, aseme asikike, apate ushauri wa mikataba na haki zake. Kura, utetezi mbele ya mabaraza na mahakama, na zawadi ya kustaafu vibaki kwa walipao kamili. Wako watakaonung'unika kwamba cha bure hakina thamani. Nami nawauliza, mwalimu aliyesahauliwa na chama miaka yote ya dhiki atakikimbilia kwa mapenzi gani siku atakapoajiriwa?

Chama hiki kimesajiliwa tangu mwaka 1993, na katiba yake hurekebishwa na wajumbe wenyewe. Enyi wajumbe wa Musoma, Bunda na Butiama, mliotoka katika mkoa wa Mwalimu Nyerere, aliyeacha kufundisha Pugu mwaka 1955 ili aitumikie TANU, pelekeni jambo hili katika mkutano mkuu ujao.