Pikipiki Mbovu ni Maabara

Pikipiki kuukuu yenye kabureta inapounguruma kwa kasi hali imesimama, aghalabu fundi hukimbilia kulegeza skrubu ya kabureta. Huko ni kutuliza dalili na kuyaacha maradhi. Yafaa kwanza usukani ugeuzwe kushoto na kulia: mngurumo ukibadilika, waya wa mafuta umekazwa mno. Usipobadilika, mpira uunganishao kabureta na injini unyunyiziwe maji kidogo. Mngurumo ukibadilika hapo, mpira una ufa unaopitisha hewa ya ziada. Jaribio moja hujibu swali moja. Walimu wa fizikia hawana budi kulileta somo hili darasani, kwani mwanafunzi azoeaye kupima kabla ya kugusa skrubu ameielewa sayansi kuliko yule aliyekariri kanuni zake.